Hu Shi: Mwalimu Aliyejifunza Kiingereza kwa Kukifundisha

Baadhi yetu tunaojiandaa kufundisha Kiingereza katika shule za msingi tuna hofu ambayo aghalabu hatuitamki. Tutaifundishaje lugha ambayo sisi wenyewe hatuisemi kwa wepesi? Hofu hiyo si ya leo wala si ya nchi yetu peke yake. Katika makala haya twakusudia kusimulia maisha ya Hu Shi wa China, ambaye alisimama mbele ya darasa la Kiingereza kabla hajatimiza umri wa miaka 17, na ambaye alipofika miaka 18 alifanya mtihani mgumu wa kwenda kusoma Marekani. Ulimwengu wamjua kuwa mwanafalsafa na mwandishi. Sisi tutamtazama hasa kama mwanafunzi na mwalimu wa lugha.

Hu Shi alizaliwa Shanghai tarehe 17 Desemba 1891, lakini alilelewa katika kijiji cha wazee wake wilayani Jixi, jimbo la Anhui. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, naye alifariki mwaka 1895, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu tu. Malezi yote yakamwangukia mama, mjane kijana asiye na mali nyingi. Mama huyo alifanya jambo moja ambalo kila mwalimu yampasa alitafakari. Katika shule ya kijijini kila mtoto alilipiwa karo ya fedha mbili kwa mwaka, na kazi ya mwalimu ilikuwa kuwakaririsha watoto vitabu vya kale mpaka wavijue kwa moyo, bila kuwaambia maana yake. Mama yake Hu Shi alilipa sita, na baadaye akapandisha hata zikafika kumi na mbili. Sharti lake lilikuwa moja: mwanawe aelezwe maana ya kila neno na kila sentensi.

Faida ya sharti hilo ilionekana mapema. Siku moja mwanafunzi mwenzake, ambaye alikwisha kukariri sehemu kubwa ya vitabu vya mafunzo ya Confucius, alifungua barua iliyoandikwa kwa mzazi, akamwuliza Hu Shi maneno ya mwanzo yana maana gani. Yalikuwa maneno ya kawaida kabisa ya kumwamkia baba kwa heshima. Mtoto yule alikuwa na kurasa nyingi kichwani, lakini hakuweza kuyafahamu maneno machache yenye maana kwake. Hu Shi alilikumbuka jambo hili maisha yake yote, akawa akisema kwamba alichokuwa nacho yeye na wenzake wakakosa kilikuwa ni kule kuelezwa.

Mwaka 1904 alipelekwa Shanghai kusoma elimu ya kisasa. Mwaka uliofuata serikali ya kifalme iliifuta mitihani ya kale ambayo kwa karne nyingi ilikuwa ndiyo njia ya kupatia vyeo. Tangu hapo hesabu, sayansi na lugha za kigeni ndizo zilizokuwa na thamani, na vijana wengi wakakimbilia Kiingereza. Mwaka 1906 Hu Shi aliingia shule iliyoitwa Zhongguo Gongxue, na huko akafundishwa na walimu wawili, Yao Kanghou na Wang Yunwu, waliosisitiza uchambuzi wa sarufi. Kijana hakupata ufasaha wa kusema. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba wakati ule alikuwa hawezi kuzungumza Kiingereza kwa kiasi cha kutosha. Lakini alipenda kuivunjavunja sentensi na kuona jinsi ilivyoundwa, na zaidi alipenda kuilinganisha sarufi ya Kiingereza na ya Kichina.

Yafaa tueleze kwa nini ulinganisho huo ulikuwa na manufaa makubwa. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo. Kitendo kikiwa cha jana, cha leo au cha kesho, neno ni lile lile, na wakati hufahamika kwa maneno mengine katika sentensi. Jina nalo kwa kawaida halibadiliki kwa kuwa vitu ni vingi. Basi Mchina anayeandika Kiingereza lazima akumbuke kila mara mambo mawili ambayo lugha yake haimdai: wakati wa kitenzi na wingi wa jina. Sisi wenye Kiswahili twatofautiana naye hapo, kwa kuwa twasema nasoma na nilisoma, kitabu na vitabu, na fikira ya wakati na ya wingi tumeizoea tangu utotoni. Lakini twafanana naye mahali pengine. Kichina hakina vile vijineno ambavyo Kiingereza huvitanguliza mbele ya jina kuonyesha kama kitu kinajulikana au hakijulikani. Sisi pia hatunavyo. Katika matamshi, Kichina kina neno moja la yeye kwa mwanamume na kwa mwanamke, sisi pia. Ndiyo maana mwanafunzi wa Shanghai na mwanafunzi wa Singida huweza kufanya kosa lile lile, kumtaja mama kana kwamba ni baba. Kosa la namna hii si uzembe. Ni lugha ya nyumbani inayosema ndani ya lugha ya kigeni, na mwalimu anayezijua zote mbili aweza kujua mapema litatokea wapi.

Mwaka 1908 wanafunzi wengi wa Zhongguo Gongxue waligombana na wakuu wa shule, wakatoka na kuanzisha shule yao wenyewe. Wakati huo huo biashara ya akina Hu Shi ilikuwa imedidimia, naye akawa hana karo. Shule mpya ikampa kazi ya kufundisha Kiingereza madarasa ya chini: vipindi 30 kwa juma kwa mshahara wa yuan 80 kwa mwezi, ambao haukulipwa wote kwa kuwa shule ilikuwa maskini. Alijua kwamba kwa elimu yake hakustahili kazi ile. Hata hivyo alikuwa na moyo wa kuwajibika. Aliyaandaa masomo yake kwa jasho, akahakikisha kwamba hakuna neno wala sentensi atakayoipeleka darasani kabla hajaielewa sarufi yake barabara. Kwa hiyo mwaka mzima ulipita asipate kuaibika mbele ya wanafunzi. Baadhi ya wanafunzi wake wale walikuja kuwa wataalamu mashuhuri wa China, mmojawapo akiwa mwanafizikia Rao Yutai. Na mwalimu mwenyewe alipata msingi wa Kiingereza ambao asingeupata kwa kukaa dawatini tu.

Lakini maisha yake hayakunyooka. Shule ile mpya iliunganishwa tena na ile ya zamani mwaka 1909, na Hu Shi akapoteza kazi. Alikata tamaa, akajiunga na kundi la marafiki wa ulevi na kamari. Usiku mmoja wa mvua, mwanzoni mwa mwaka 1910, alipigana na askari wa polisi akiwa amelewa, na asubuhi akajikuta amelala katika chumba cha mahabusu. Alitozwa faini, akarudi nyumbani. Alipojitazama katika kioo aliona majeraha usoni, akamkumbuka mama yake na zile fedha alizomlipia. Aliacha kazi ndogo ya ualimu aliyokuwa nayo wakati huo, akaazimia kufanya mtihani wa kwenda Marekani.

Mtihani huo ulikuwa na historia yake. Baada ya vita vya Boxer vya mwaka 1900, China ililazimishwa kulipa fidia kubwa kwa mataifa ya kigeni. Mwaka 1908 Marekani iliamua kurudisha sehemu ya fedha hizo, zikatumika kuwasomesha vijana wa Kichina katika vyuo vyake. Kundi la kwanza la vijana 47 lilichaguliwa mwaka 1909, na mwaka 1910 zilikuwako nafasi 70. Hu Shi alijifungia miezi miwili akisoma, kisha akaenda Beijing. Hadi wakati huo hakuwa akiitwa rasmi Hu Shi. Alilitumia jina hilo kwa ajili ya mtihani, kwa kuchelea kwamba akishindwa marafiki na wanafunzi wake watamcheka.

Sehemu ya kwanza ya mtihani ilikuwa Kichina na Kiingereza. Katika insha ya Kichina juu ya vyombo vya kuchorea duara na mraba, aliandika historia ya vyombo hivyo, na msahihishaji aliyependa utafiti wa namna hiyo akampa alama 100. Katika Kiingereza alipata 60. Kwa jumla akawa wa kumi. Sehemu ya pili ilikuwa ya sayansi, historia na masomo mengine aliyoyasoma kwa haraka haraka, na hapo akaporomoka. Matokeo yalipobandikwa, alifika kwa riksho giza limekwisha kuingia. Akaichukua taa ya riksho, akaanza kusoma orodha kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa alijua hakufanya vizuri. Akaimaliza bila kuliona jina lake. Kumbe ilikuwa orodha ya akiba. Akaishika orodha ya waliochaguliwa, pia kutoka chini, akaona Hu. Kutazama vizuri, alikuwa Hu Da. Juu kidogo ndipo lilipokuwa lake. Alikuwa wa 55 kati ya 70.

Mwezi Agosti 1910 alisafiri kwenda Chuo Kikuu cha Cornell kusoma kilimo. Huko aligundua kwamba kufaulu mtihani wa lugha hakutoshi. Katika somo la matunda wanafunzi waliwekewa matofaa kama 30 wayatambue kwa majina. Wamarekani, walioyajua tangu utotoni, walimaliza upesi; yeye alihangaika na kitabu kwa saa mbili na zaidi, akapata machache. Mwaka 1912 aliacha kilimo, akasoma falsafa, na mwaka 1915 akaenda Chuo Kikuu cha Columbia kwa mwalimu John Dewey.

Aliporudi kwao mwaka 1917 alikuwa amekwisha kuchapisha makala yaliyohimiza Wachina waandike lugha wanayoisema, badala ya lugha ya kale iliyofahamika kwa wasomi wachache. Mwaka 1920 serikali iliagiza madarasa mawili ya kwanza ya shule za msingi yafundishwe lugha ya kusemwa. Baadaye Hu Shi alikuwa balozi wa China huko Marekani tangu mwaka 1938 hadi 1942, na mkuu wa Chuo Kikuu cha Peking. Alifariki Taiwan tarehe 24 Februari 1962.

Twajifunza nini kwake? Kwanza, alama yake ya Kiingereza ilikuwa 60, wala haikumzuia kufika alikofika, kwa kuwa alichokuwa nacho alikifahamu. Pili, mwalimu ambaye hana ufasaha anaweza kufundisha kwa uaminifu, mradi asiingie darasani na sentensi ambayo hakuichambua jioni iliyotangulia. Tatu, matofaa yale yatukumbusha kwamba maneno yaliyotoka kitabuni peke yake huchelewa kuja tunapoyahitaji. Mtoto na ashike embe, kikapu na jembe huku akivitaja. Na zaidi ya yote, wazazi wa watoto wetu hawawezi kulipa mara tatu ya wengine ili mtoto mmoja aelezwe. Kuelezwa ni haki ya darasa zima, na hakuna awezaye kuitoa ila sisi.