Mtakatifu Jeanne Jugan, Aliyetoa Kitanda Chake

Mara kwa mara hutujia wana wa familia wenye swali zito. Mama amezeeka, watoto wako Mwanza na Dar es Salaam, nyumbani amebaki mjukuu wa shule. Je, ni dhambi kumpeleka kwenye makazi ya wazee? Huku kwetu Ngara swali hili lina uchungu wake, maana kati ya wakimbizi waliofika Lukole kutoka Burundi katika miaka ya 1990 walikuwapo waliowabeba wazazi wao mgongoni. Anayemkabidhi mzazi kwa watu baki huonwa kama aliyemtupa. Kabla ya kumhukumu mtu, tumtazame mwanamke ambaye naye alimbeba kizee, ingawa hakuwa mzazi wake.

Jeanne Jugan alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792 huko Cancale, pwani ya Bretagne nchini Ufaransa. Hakuwa ametimiza miaka minne baba yake, mvuvi, alipopotelea baharini. Alifanya kazi jikoni kwa watu wenye mali, akakataa kuolewa, akawahudumia wagonjwa hospitalini katika mji wa Saint-Servan, kisha akamtumikia bibi mmoja kwa miaka 12, hadi bibi huyo alipofariki mwaka 1835.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1839 Jeanne, akiwa na miaka 47 na chumba cha kupanga tu, alimchukua Anne Chauvin, kizee kipofu aliyepooza upande mmoja, ambaye hakuwa tena na wa kumtunza. Alimbeba, akampandisha ngazi, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe. Yeye akahamia darini. Baada ya Anne wakaja wengine, na mwaka 1842 ilinunuliwa nyumba ya zamani ya watawa, ambayo muda si mrefu ikajaa wazee wapatao 40.

Wengi wao walikuwa wamezoea kuombaomba barabarani. Jeanne hakuwagombeza. Aliwaomba majina ya wafadhili wao, akachukua kapu, akaenda kuomba badala yao ili wao wabaki nyumbani. Hapa ndipo tunapoona tofauti kati ya kutunza mzee na kumhifadhi kama mzigo: aliwauliza wenyewe habari za maisha yao. Wana wanaotujia na swali lile, nasi huwauliza kwanza kama mama ameulizwa, na kama wao wenyewe wamekwenda kukiona kitanda atakacholalia. Wengi hunyamaza.

Sehemu inayofuata sisi mapadre tusiisome haraka. Desemba 1843 masista walimchagua tena Jeanne kuwa mkuu wao. Padre Auguste Le Pailleur, mshauri wao, aliutengua uchaguzi huo na kumweka msichana mwingine. Jeanne aliendelea kuzunguka na kapu lake. Mwaka 1845 Chuo cha Taaluma cha Ufaransa kilimpa tuzo kwa ajili ya kazi yake, lakini mwaka 1852 aliitwa arudi nyumba mama, akaondolewa katika shughuli zote za nje. Kwa miaka 27 aliishi huko akiitwa Sista Maria wa Msalaba, na miaka ya mwisho karibu awe kipofu, kama Anne. Mwanzilishi wa nyumba za wazee akazeeka kama mzee mwingine yeyote, akiwategemea wengine kwa kila jambo.

Baba Mtakatifu Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Masista Wadogo wa Maskini, shirika lake, wana nyumba ya wazee hata jirani zetu Kenya, huko Kasarani, Nairobi, na mpaka leo wanaishi kwa kuomba kama alivyowafundisha. Alipofariki tarehe 29 Agosti 1879 shirika lilikuwa na masista wapatao 2,400. Wanovisi walioishi naye nyumba moja walimpenda sana bibi huyo mrefu mwenye fimbo. Wengi wao hawakujua kwamba ndiye aliyelianzisha.