William Pecora: Mtu Aliyeona Mbali

Mtu mwenye busara husifiwa katika lugha yetu kwamba anaona mbali. Aghalabu sifa hiyo ni tamathali tu. Kwa William Thomas Pecora, mwanajiolojia wa Marekani, ilikuwa tamathali na ukweli kwa pamoja.

Pecora alizaliwa mwaka wa 1913 katika jimbo la New Jersey, mwana wa wahamiaji kutoka Italia. Alisomea jiolojia Princeton, na mwaka wa 1936 akaiwakilisha nchi yake katika mchezo wa vitara kwenye Olimpiki ya Berlin. Alipata shahada ya uzamifu Harvard mwaka wa 1940, kisha akatumwa Brazil kutafiti madini wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mwanajiolojia wa zama hizo aliusoma mlima kwa miguu, jiwe baada ya jiwe.

Mwaka wa 1965 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa idara ya serikali inayosimamia uchunguzi wa jiolojia. Wakati huo setilaiti za hali ya hewa zilikwisha kuwepo, lakini zilitazama mawingu. Pecora alitaka setilaiti ya kutazama ardhi: mashamba, misitu, maziwa na miamba. Wapo waliodai kwamba ndege zingetosha, tena kwa gharama nafuu. Wanajeshi nao walichelea siri zao. Hakutetereka. Septemba 1966, wizara yake chini ya waziri Stewart Udall ilitangaza mpango wa kuunda setilaiti hiyo, na tangazo hilo likalisukuma shirika la NASA kuichukua kazi.

Setilaiti iliundwa ikiwa na vyombo viwili vikuu. Cha kwanza kilikuwa kamera za mfano wa televisheni, ambazo wengi waliziamini. Cha pili, kilichobuniwa na mhandisi Virginia Norwood na wenzake, kilitumia kioo kilichotikisika ili kupima mwanga katika mikanda minne, miwili ikiwa ya mwanga usioonekana kwa macho. Jani lenye afya huurudisha mwanga huo kwa wingi, ilhali maji huumeza. Hivyo mmea ulionyauka huweza kutambuliwa kutoka angani.

Pecora hakuyaona matunda hayo. Alifariki tarehe 19 Julai 1972, na setilaiti ikarushwa tarehe 23, siku nne baadaye. Muda si muda kamera zilizoaminiwa zilizimwa kwa hitilafu ya umeme, na kile chombo kilichotiliwa shaka kikaendelea kutuma picha hadi 1978. Setilaiti hiyo ndiyo Landsat ya kwanza. Wadogo wake wangali wanaizunguka dunia, na tangu mwaka wa 2008 picha zao hutolewa bila malipo kwa yeyote.

Sisi hatukuachwa nje. Kituo cha kikanda cha upimaji na ramani kilianzishwa Nairobi mwaka wa 1975, na wataalamu wake huzitumia picha hizo. Hata hivyo, maelezo yake aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, na mkulima ambaye shamba lake limepigwa picha hapati habari zake. Pecora alipigania jicho la angani kwa manufaa ya raia wa kawaida. Iwapo sisi wasomi wa lugha hatutampa raia huyo istilahi za kulielewa jicho hilo, tutakuwa tumelipofusha wenyewe.