Hayati Smithburn: Daktari aliyefuatilia virusi vya mbu hadi kwenye ubongo

WAFUGAJI wa Makutupora na vijiji vingine vya Dodoma wanaikumbuka homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2007, iliyoua watu na mifugo na kuufanya mkoa huo kuwa miongoni mwa ile iliyoathirika zaidi nchini. Ni wachache, hata hivyo, wanaolijua jina la hayati Dk. Kenneth Smithburn, Mmarekani aliyetengeneza chanjo ya mifugo dhidi ya ugonjwa huo.

Awali Smithburn alichunguza kifua kikuu mjini New York. Baadaye alihamia Entebbe, Uganda, katika Taasisi ya Utafiti wa Homa ya Manjano, iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa fedha za Mfuko wa Rockefeller.

Mwaka 1937, damu ya mwanamke mwenye homa ilichukuliwa huko Omogo, wilaya ya West Nile. Kilichotafutwa ni homa ya manjano, lakini panya waliodungwa damu hiyo kwenye ubongo walikufa kwa ugonjwa mwingine. Mwaka 1940 Smithburn na wenzake walitangaza kirusi kipya, kikapewa jina la wilaya hiyo.

Mwaka 1944, kirusi cha homa ya Bonde la Ufa kilipatikana katika mbu wa msitu wa Semliki. Smithburn alikipitisha kwenye ubongo wa panya mara nyingi hadi kikapungua makali, na mwaka 1949 akachapisha matokeo yake. Chanjo iliyotokana nacho imetumika Kenya na Afrika Kusini kwa miongo mingi, ingawa yaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe.

Kirusi cha West Nile kiliibuka New York mwaka 1999, ambako watu 62 waliugua na saba kati yao kufariki dunia. Dawa kama ribavirin zimejaribiwa bila mafanikio yaliyothibitishwa. Kuta za mishipa ya damu ya ubongo huzuia dawa nyingi kupenya, na wagonjwa wengi hufika hospitali kirusi kikiwa kimekwishaingia.

Hivyo, mfugaji wa Dodoma anaweza kuchanja ng'ombe wake kutokana na kazi ya Smithburn, lakini yeye mwenyewe, homa hiyo ikimpanda kichwani, bado hana dawa mahsusi. Kinga yake ni kujihadhari na mbu na kutogusa mizoga.