SOICHIRO HONDA: MWANA WA MHUNZI ALIYEJUA KUCHAGUA INJINI

Simama katika steji yoyote ya boda boda huku kwetu, iwe Daraja Mbili, Suneka au Keroka, nawe utausikia ubishi ule ule. Wako wanaoapa kwamba pikipiki ya cc 100 ndiyo ya riziki, kwa kuwa hainywi petroli ovyo na fundi yeyote huijua. Wako wanaowacheka hao wakidai kwamba milima ya Kisii yataka cc 150, na kwamba cc 100 ikipanda Manga na abiria mnene hulia kama mtoto aliyenyimwa uji. Ubishi huo uliingia hata nyumbani kwetu wakati kaka yangu mkubwa alipotaka kununua pikipiki. Baba alikuwa ameuza ng'ombe mmoja, na pesa zilizopungua zilikuwa mkopo kutoka chama cha akina mama. Halikuwa jambo la mzaha. Ikinunuliwa injini isiyofaa, ng'ombe ameenda na deni limebaki.

Mimi sina ujuzi wa pikipiki. Basi nikaanza kusoma maisha ya mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye pikipiki na magari kote duniani. Kumbe swali lililomsumbua kaka yangu lilimsumbua mzee huyo karibu maisha yake yote!

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, mkoa wa Shizuoka, nchini Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi ambaye baadaye alitengeneza baiskeli. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji. Hawakuwa na mali. Mtoto alikulia katika kelele za nyundo, mikono ikiwa myeusi kwa makaa. Siku moja gari lilipita kijijini, la kwanza yeye kuliona. Alilikimbilia mpaka likamwacha, kisha akainama kuinusa oili iliyodondoka barabarani. Tangu siku hiyo alijua anataka kuwa nani.

Darasani hakuwa mtoto wa kusifiwa. Inasimuliwa kwamba shule yao iliwataka wanafunzi wapeleke ripoti nyumbani zikapigwe muhuri wa familia. Soichiro, ambaye alama zake zilikuwa duni, akachonga muhuri wa bandia kwa mpira wa pedeli ya baiskeli. Ulifanya kazi, naye akaanza kuwachongea wenzake. Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Jina la Honda likiandikwa kwa Kijapani husomeka sawa hata likigeuzwa kama katika kioo, lakini majina ya wenzake yalitoka kinyume, wakakamatwa wote. Sisemi tumwige, la hasha! Nasema tu kwamba hata katika utundu mikono yake ilikuwa ya fundi.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, alienda Tokyo kujifunza kazi katika gereji iliyoitwa Art Shokai. Alidhani atashika spana, lakini kwa miezi kadhaa alishikishwa mtoto wa tajiri wake, ambembeleze na kufagia. Alivumilia. Mwaka 1928 alirudi karibu na kwao, katika mji wa Hamamatsu, akafungua tawi la gereji hiyo. Alipenda pia mashindano ya magari, na mwaka 1936 alipata ajali mbaya mashindanoni, akaponea chupuchupu.

Baadaye aliingia katika kazi ya kutengeneza ringi za pistoni. Jaribio hilo lilimtoa jasho. Ringi zake zilivunjika ovyo, naye hakujua kwa nini. Ndipo mtu mzima mwenye mke na gereji akarudi shule ya ufundi, akaketi na vijana ili ajifunze sayansi ya vyuma. Hata hivyo, alipowapelekea Toyota ringi 50 zipimwe, 3 tu ndizo zilizofaulu. Hakukata tamaa, mwishowe akafaulu. Kisha vita vikaja. Mabomu yaliharibu kiwanda chake, na mwezi wa Januari 1945 tetemeko la ardhi likamaliza yaliyosalia. Akawauzia Toyota kampuni hiyo.

Mwaka 1946 Japani ilikuwa imeshindwa vita na watu walikuwa na dhiki. Petroli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, treni zilijaa pomoni, na mtu aliendesha baiskeli masafa marefu kutafuta chakula mashambani. Honda aliona injini ndogo zilizotumiwa na jeshi kuzalishia umeme wa redio. Vita vimekwisha, hazina kazi. Akachukua moja, akaifunga kwenye baiskeli. Tangi la kwanza la mafuta lilikuwa chombo cha nyumbani cha kutilia maji ya moto! Mkewe, Sachi, ndiye aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuiendesha. Wateja wakaja, na injini hizo za jeshi, zipatazo 500, zikaisha. Mwaka 1947 akaunda yake mwenyewe, ya cc 50, na tarehe 24 Septemba 1948 akaanzisha kampuni ya Honda.

Hapa, msomaji wangu, ndipo swali la injini linapoanza, kwa hivyo fuatana nami polepole. Injini zake za kwanza zilikuwa za mipigo miwili. Katika injini ya namna hiyo, kila pistoni ipandapo juu moto huwaka. Haina vali za kufunguka na kufunga, na oili huchanganywa na petroli. Ni kama ile misumeno ya injini inayokata mikaratusi vijijini mwetu. Vyuma vyake ni vichache, ni rahisi kuitengeneza, na kwa udogo wake ina nguvu. Ubaya wake ni moshi, kelele, na petroli nyingine kutoka nje kabla ya kuungua. Injini ya mipigo minne huenda kwa utaratibu mwingine. Pistoni hushuka ikivuta mchanganyiko wa hewa na petroli, hupanda ikishindilia, moto huwaka na kuishusha, kisha hupanda ikisukuma moshi nje. Ina vali na vyuma vingi zaidi, lakini hutumia petroli kwa uangalifu na oili yake hukaa peke yake.

Mwaka 1949 Honda alitoa pikipiki yake kamili ya kwanza, Dream D, ya cc 98 na mipigo miwili. Mwaka huo huo alipata mwenzake, Takeo Fujisawa. Mmoja alijua vyuma, mwingine alijua biashara, kama jembe na mpini. Fujisawa aliona kwamba wanunuzi walikuwa wamechoshwa na kelele za mipigo miwili. Basi wakaunda Dream E ya mipigo minne, cc 146, yenye nguvu za farasi 5.5.

Tarehe 15 Julai 1951 waliipeleka kupimwa katika mlima wa Hakone, ambao ulizitoa jasho injini nyingi za wakati ule. Mvua ilinyesha vibaya. Fundi kijana, Kiyoshi Kawashima, aliiendesha, huku Honda na Fujisawa wakimfuata kwa gari. Kijana aliwaacha nyuma! Walipomkuta kileleni, injini ilikuwa haijazima wala haijashindwa. Kijana huyo ndiye aliyekuja kumrithi Honda katika uongozi wa kampuni.

Mtu mwingine angesema basi, siri ni kuongeza nguvu. Honda hakuamini hivyo. Mwaka 1958 alitoa pikipiki iliyomfanya ajulikane dunia nzima, Super Cub, nayo ilikuwa na cc 49 tu! Alikuwa amewatazama watu wenye kazi ndogo ndogo, hasa vijana wa mikahawa waliopeleka tambi kwa wateja wakiwa wamebeba trei kwa mkono mmoja. Dereva wa namna hiyo hawezi kushika klachi. Basi Honda akaweka klachi inayojiendesha yenyewe, gia tatu za kubadilishwa kwa mguu, na ngao za plastiki za kuzuia tope lisiruke miguuni. Lakini ndani ya kitu hicho kidogo hakuweka injini rahisi ya mipigo miwili kama wengi walivyofanya wakati ule. Aliweka ya mipigo minne, yenye nguvu za farasi 4.5. Hiyo ndiyo hekima yake. Kwa mwendeshaji, kila kitu kiwe chepesi, na ugumu abaki nao fundi kiwandani. Kufikia mwaka 2017, pikipiki za aina hiyo zilizoundwa zilikuwa zimepita milioni 100.

Wala hakuogopa nguvu pale ilipohitajika. Mwaka 1954 alitangaza kwamba wataenda kushindana katika kisiwa cha Man karibu na Uingereza, uwanja wa mabingwa wa pikipiki. Walifika mwaka 1959, na mwaka 1961 wakashinda katika cc 125 na cc 250. Mwaka 1969 kampuni ilitoa CB750 yenye silinda nne na nguvu za farasi 67. Mtu yule yule wa cc 49!

Sasa nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mzee huyo alikuwa na hasira za mkizi, na aliweza kumrushia mfanyakazi spana. Kosa lake kubwa pia lilihusu injini. Alishikilia kwamba hata injini ya gari ipozwe kwa hewa, kama ya pikipiki, kwa kuwa haina rejeta wala mabomba ya maji ya kuvuja. Mafundi vijana walimwambia kwamba kwa gari maji ni bora. Hakusikia. Mwezi wa Julai 1968, katika mashindano ya Ufaransa, gari lake la mbio lililopozwa kwa hewa lilianguka na kuwaka moto, na dereva Jo Schlesser akafa. Mwaka uliofuata kampuni ilitoa gari dogo liitwalo Honda 1300. Ili hewa iweze kuipoza injini ile, iliwabidi waongeze feni na njia nyingi za hewa, hata ikawa nzito na ya gharama. Kile alichokitafuta kwa sababu ni rahisi kilikuwa kimegeuka kigumu kuliko kile alichokikataa.

Ndipo Fujisawa akamwuliza kama yeye anataka kuwa mkuu wa kampuni au fundi. Honda alifikiri, akachagua kuwa mkuu wa kampuni, akawaachia vijana watumie maji. Mwaka 1972 likatoka gari la Civic, na mwaka huo huo kampuni ikatangaza injini ya CVCC, iliyoweza kutimiza sheria kali ya Marekani kuhusu moshi wa magari. Mwaka 1973, yeye na Fujisawa wakastaafu pamoja. Badala ya kukaa akiamkiwa, alizunguka Japani akiwashukuru wafanyakazi wake kwa mkono wake wenye makovu ya kazi. Alifariki tarehe 5 Agosti 1991, akiwa na miaka 84. Hakutaka mazishi makubwa ya kampuni, maana yangewaletea watu msongamano barabarani. Mtu aliyejaza barabara magari hakutaka kuzifunga siku ya kufa kwake!

Nikarudi kwa kaka yangu na hadithi hii. Nilimweleza kwamba Honda hakuanza kwa kuuliza injini ipi ni kubwa. Aliuliza ni nani atakayeiendesha, abebe nini, apite wapi. Tukachukua daftari tukaandika. Ni kweli milima yetu ni mikali, na mji wa Kisii uko mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na injini hupungukiwa nguvu kidogo. Kama kazi ingekuwa kubeba mawe ya Tabaka au mikungu ya ndizi kila siku, cc 150 ingefaa. Lakini safari zake nyingi zingekuwa za mama mmoja na kikapu, au mwanafunzi mmoja, kutoka kijijini hadi sokoni. Sheria ya Kenya yenyewe inaruhusu abiria mmoja tu. Baba aliongeza neno lililotunyamazisha. Alisema nguvu ya ziada ndiyo inayowashawishi vijana kupakia watu watatu kama mishikaki, na wadi za hospitali tunazijua.

Alinunua cc 100. Ina silinda moja, mipigo minne, hupozwa kwa hewa, na kwenye mlima hupanda kwa gia ya chini bila aibu. Pesa zilizobaki zilinunua helmeti mbili, yake na ya abiria. Deni la chama linalipwa kila wiki. Marafiki zake bado wanamcheka wakimpita mlimani. Yeye huwapungia mkono, kisha huwakuta kwenye kituo cha petroli.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Soichiro Honda alisifiwa na dunia nzima, na bado alipoonyeshwa kosa lake alikubali. Nadhani hapo ndipo alipokuwa fundi kwelikweli.