Rudolf Laban na Safari ya Mazoezi ya Viungo kutoka Amri hadi Swali

Kwa miaka mingi kipindi cha mazoezi ya viungo katika shule za msingi kiliendeshwa kama gwaride. Mwalimu alisimama mbele, watoto wakapangwa kwa mistari, amri ikatolewa na mikono yote ikainuliwa kwa wakati mmoja. Aliyeinua tofauti alihesabiwa kuwa amekosea. Miongoni mwa watu ambao fikra zao zilisaidia kubadili utaratibu huo ni Rudolf Laban, mtu ambaye hakuwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuongoza umati wa watu wajongee kwa pamoja, na ambaye mchango wake kwa watoto ulikuja akiwa mkimbizi aliyekaribia umri wa miaka 60.

Laban alizaliwa tarehe 15 Desemba 1879 katika mji wa Pozsony, uliokuwa ndani ya Dola ya Austria na Hungaria. Mji huo leo ni Bratislava, mji mkuu wa Slovakia. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi aliyepanda hadi vyeo vya juu na kutumikia Bosnia na Herzegovina, hivyo kijana huyo aliyaona mapema mambo mawili yaliyomfuata maishani: nidhamu ya askari wanaotembea kwa hatua moja, na zikri za madarweshi ambazo mwili wa mwanadamu huzifuata kwa sababu ya ndani, si kwa amri ya mtu. Familia ilitaka awe askari. Aliingia chuo cha kijeshi karibu na Vienna, lakini hakudumu. Aliondoka kwenda kusomea sanaa Munich na Paris, na huko macho yake yakahama kutoka kwenye picha hadi kwenye miili inayojongea.

Kuanzia mwaka 1913 aliongoza mafunzo ya kiangazi katika kilima cha Monte Verità, Ascona, nchini Uswisi. Wanafunzi wake walifanya kazi ya bustani, walicheza ngoma katika hewa ya wazi na kuchunguza jinsi mwili unavyoanza, unavyobadili na unavyomaliza mjongeo. Kati ya waliopitia mikononi mwake ni Mary Wigman na Kurt Jooss, ambao baadaye walipata sifa kubwa katika ngoma ya Kijerumani. Mwaka 1928 alichapisha mfumo wa kuandika mijongeo kwa alama. Umbo la alama huonyesha mwelekeo, rangi au mistari ndani yake huonyesha kimo, na urefu wake huonyesha muda. Hadi leo ngoma huhifadhiwa kwa maandishi hayo, kama wimbo unavyohifadhiwa kwa nota.

Umaarufu huo ulimfikisha mahali pagumu. Mwaka 1930 aliteuliwa kuongoza ngoma katika majumba ya sanaa ya serikali mjini Berlin. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, hakujiuzulu. Katika mwaka huohuo wanafunzi waliohesabiwa kuwa si wa damu ya Kijerumani waliondolewa katika darasa la watoto lililokuwa chini yake, na kwa miaka iliyofuata aliandaa matamasha ya ngoma chini ya wizara ya propaganda. Mwaka 1936 alitayarisha onesho la washiriki wapatao 1,000 kwa ajili ya msimu wa Michezo ya Olimpiki ya Berlin. Joseph Goebbels, waziri wa propaganda, alilitazama katika mazoezi ya mwisho na kulipiga marufuku. Laban akapoteza kazi na heshima. Mwaka 1937 alikimbilia Paris akiwa mgonjwa na fukara, na mwanzoni mwa mwaka 1938 akapokelewa Dartington Hall, kusini-magharibi mwa Uingereza, alikokuwa mwanafunzi wake wa zamani, Jooss.

Sura hiyo ya maisha yake haifai kufichwa, kwa kuwa ndiyo inayoupa uzito wake mchango uliofuata. Mjongeo wa pamoja unaweza kuwa furaha ya jamii. Unaweza pia kuwa chombo cha kumfanya mtu asifikiri. Tofauti kati ya hayo mawili iko katika jambo dogo: je, anayejongea ameachiwa nafasi ya kuamua?

Uingereza haikumpa Laban jukwaa kubwa. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia alifanya kazi viwandani pamoja na F. C. Lawrence, mshauri wa uendeshaji wa Manchester. Wanawake walikuwa wameshika kazi za wanaume waliokwenda vitani, na mizigo ilikuwa mizito. Badala ya kuwaamuru waige nguvu za wanaume, Laban aliwachunguza na kuwasaidia kutumia mwendo wa bembea na uzito wa miili yao. Kutokana na kazi hiyo alieleza kila mjongeo kwa mambo manne: uzito, nafasi, muda na mtiririko. Mjongeo huweza kuwa mzito au mwepesi, wa moja kwa moja au wa kuzungukazunguka, wa ghafla au wa taratibu, ulioachiwa au uliozuiwa.

Mambo hayo manne ndiyo walimu wa shule walioyachukua. Lisa Ullmann, mshirika wake wa karibu, aliendesha mafunzo kwa walimu na mwaka 1946 akafungua chuo cha sanaa ya mjongeo mjini Manchester. Mwaka 1948 Laban alitoa kitabu kuhusu ngoma katika elimu. Wakati huohuo shule nyingi zilikuwa bado zinafuata muhtasari wa serikali wa mwaka 1933, uliopanga mazoezi kwa majedwali. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1952 na 1953, Wizara ya Elimu ya Uingereza ilipochapisha vitabu viwili vya mwongozo wa mazoezi ya viungo kwa shule za msingi. Vitabu hivyo vilimpa mwalimu uhuru wa kupanga kipindi, na vikampa mtoto nafasi ya kugundua.

Kipindi cha namna hiyo huanza kwa swali. Mwalimu huuliza: unaweza kuvuka uwanja huu kwa njia ngapi ukitumia mikono miwili na mguu mmoja? Watoto hujaribu. Kisha swali hubanwa: ipi ni njia ya haraka, ipi haina kishindo, ipi unaweza kuirudia bila kuanguka? Watoto hutazamana, hulinganisha, huchagua na kurudia hadi mwili ushike. Mtoto mwepesi hupata ugumu unaomfaa, na mtoto mzito, mwoga au mwenye ulemavu hupata jibu lake asilolazimika kulionea haya. Ubora wa kazi haupimwi kwa kufanana na mwenzake.

Njia hiyo haikukosa wakosoaji. Walihoji kama stadi za michezo zingejengeka bila mafunzo ya moja kwa moja, na walikuwa na hoja: swali lisilofuatiwa na swali la pili huzaa vurugu, na mtoto hawezi kugundua peke yake kila jambo la usalama. Katika miaka ya 1960 njia hiyo ilienea Marekani pia, na mwaka 1966 Muska Mosston alizipanga mbinu za kufundisha mazoezi ya viungo kuanzia amri hadi utatuzi wa matatizo, akionyesha kwamba mwalimu anahitaji kujua wakati wa kutumia kila moja.

Laban aliendelea kufundisha na kuandika ingawa afya yake ilikuwa dhaifu. Mwaka 1953 chuo kilihamia Addlestone, kusini mwa London, na tarehe 1 Julai 1958 alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 78.

Urithi wake hauhitaji jengo la gharama wala vifaa kutoka ng'ambo. Mwalimu mwenye watoto wengi, uwanja wa vumbi na kamba moja anaweza kuutumia kesho asubuhi. Mtoto aliyezoea mguu sawa na nyuma geuka anajua kutii, na kutii kuna mahali pake. Lakini mtoto aliyeulizwa atavukaje kamba hiyo, akajaribu, akaanguka na kutafuta njia nyingine, amejifunza jambo ambalo Laban mwenyewe alilifikia akiwa amechelewa na baada ya kulilipia gharama kubwa: kwamba mwili una akili yake, na mwenye mwili ndiye anayepaswa kuitumia.