Christian Doppler na Kazi Yetu ya Kusahihisha

Mwalimu wa fizikia hakosi kuulizwa kwa nini honi ya gari linalokuja husikika nyembamba, na gari likishapita huwa nzito. Jawabu tunalifundisha kwa jina la Christian Doppler, lakini mtu mwenyewe hatumfundishi. Tumeona inafaa kuyaeleza maisha yake kwa ufupi, kwani yanaigusa kazi yetu ya kusahihisha.

Doppler alizaliwa Salzburg, Austria, tarehe 29 Novemba, 1803. Baba yake alikuwa mwashi wa mawe, lakini mtoto huyu alikuwa dhaifu wa afya, hakuweza kuirithi kazi hiyo. Akapelekwa Vienna kusoma hisabati. Baada ya masomo alitafuta kazi ya ualimu kwa muda mrefu, hata ikambidi kuwa karani wa hesabu katika kiwanda cha pamba. Alikuwa amekwisha kukata shauri la kuhamia Marekani, ndipo mwaka 1835 alipopata nafasi ya kufundisha mjini Prague.

Tarehe 25 Mei, 1842, aliwasomea wataalamu wa mji huo makala juu ya rangi za nyota pacha. Alieleza kwamba kitu kitoacho mawimbi kikitukaribia, mawimbi mengi zaidi hutufikia katika kila sekunde. Kikituacha, hutufikia machache. Tuchukue filimbi ya gari moshi yenye mitetemo 320 kwa sekunde. Gari likienda mita 20 kwa sekunde, na sauti mita 340, tutasikia mitetemo 340 gari likija, na 302 likienda zake. Mwendo wa sauti hewani haubadiliki. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea.

Kanuni ilikuwa sahihi, ila mfano ulikuwa na kosa. Doppler alidhani kwamba nyota huonekana nyekundu au buluu kwa sababu ya mwendo wao. Kumbe rangi hizo hutokana hasa na joto la nyota, na mwendo wa nyota hizo ni mdogo mno ukilinganishwa na ule wa nuru, ambao ni karibu kilomita 300,000 kwa sekunde.

Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot, aliyekuwa na shaka, alifanya jaribio karibu na Utrecht. Wapiga tarumbeta walipanda gari moshi, na wanamuziki wenye masikio mazoefu wakasimama kando ya reli. Sauti ilibadilika kama kanuni ilivyotaka. Juu ya rangi za nyota Buys Ballot aliendelea kumpinga Doppler, na katika hilo hakukosea. Mwaka 1848 Mfaransa Fizeau alionyesha kwamba kinachofaa kutazamwa ni kusogea kwa mistari ya spektra ya nyota. Kwa njia hiyo, mwaka 1868, Mwingereza William Huggins alijaribu kupima mwendo wa nyota Sirius.

Huko Prague Doppler alikuwa na mamia ya wanafunzi wa kuwatahini, na kazi hiyo ilimdhoofisha. Wanafunzi walimlalamikia kuwa mitihani yake ilikuwa mikali kupita kiasi, naye akakaripiwa. Mwaka 1850 alifanywa mkuu wa kwanza wa Taasisi ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Vienna, ambako Gregor Mendel alipata kuwa mwanafunzi wake. Alifariki Venice tarehe 17 Machi, 1853, akiwa na umri wa miaka 49.

Lau makala ya 1842 ingalisahihishwa kama tusahihishavyo madaftari mara nyingi, kwa kutazama jawabu la mwisho tu, ingalipata sifuri. Kwa hiyo tunapendekeza somo hili lianze kwa jaribio. Kengele ndogo ya betri ifungwe imara kwenye kamba na kuzungushwa juu ya kichwa, wanafunzi wakiwa mbali kidogo. Watasikia sauti ikipanda na kushuka, lakini anayeizungusha hatasikia mabadiliko. Kila mmoja aandike sababu yake kabla mwalimu hajaieleza. Mwenye kanuni sahihi na mfano mbaya apewe alama za kanuni, kisha mfano wake usahihishwe na darasa zima, kama wa Doppler ulivyosahihishwa na wenzake.