Louis Braille: Ubunifu na Ukarimu wa Mwalimu Kipofu

Historia ya maandishi inapojadiliwa katika madarasa ya Kiswahili, aghalabu mjadala huishia kwenye hati mbili: ya Kiarabu na ya Kirumi. Hati ya tatu, ile isomwayo kwa ncha za vidole, husahaulika, ingawa imo katika vitabu na mitihani ya wanafunzi wasioona humu nchini. Aliyeibuni hakuwa mwanaisimu wala msomi wa chuo kikuu. Alikuwa mwana wa fundi wa ngozi, naye aliikamilisha kwa kiasi kikubwa akiwa na umri wa miaka 15.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya jiji la Paris, Ufaransa. Baba yake alitengeneza matandiko na hatamu za farasi. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka 3, aliingia karakanani, akachezea kifaa cha kutobolea ngozi, nacho kikamchoma jicho. Uambukizo ulienea hadi jicho la pili, na alipotimu miaka 5 hakuona chochote. Wazazi wake hawakumficha nyumbani. Walimpeleka katika shule ya kijiji, akasoma kwa kusikiliza pamoja na wenzake wanaoona, na mwaka 1819 akapokelewa katika taasisi ya vijana vipofu mjini Paris.

Huko alikuta vitabu vilivyochapishwa kwa herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi nene. Vitabu hivyo vilikuwa vichache na vizito mno, na msomaji alilazimika kupapasa kila herufi kwa muda mrefu ndipo aitambue. Zaidi ya hayo, kipofu aliweza kuvisoma lakini hakuweza kuandika kwa njia hiyo. Aliyevibuni alikuwa amewaza kama mtu mwenye macho: alidhani kwamba linalofaa jicho litafaa kidole pia.

Mwaka 1821 Charles Barbier, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi, aliwasilisha katika taasisi hiyo mfumo wake wa nukta. Mfumo huo ni wa kuvutia kwa mwanafunzi wa isimu, kwani uliwakilisha sauti, si tahajia. Kila alama ilitumia hadi nukta 12, zilizopangwa katika safu mbili za nukta sita sita. Braille aliusoma, akaupenda, kisha akaona kasoro zake. Ncha ya kidole haikuweza kufunika alama nzima kwa mguso mmoja, na msomaji hakupata tahajia, vituo, tarakimu wala muziki. Jibu lake lilikuwa kupunguza: nukta sita tu, mbili kwa upana na tatu kwa urefu. Nukta hizo hutoa miungano 63. Herufi kumi za kwanza hutumia nukta nne za juu pekee. Kumi zinazofuata ni zizo hizo, zikiongezewa nukta moja ya chini upande wa kushoto. Herufi w ilikosa nafasi katika utaratibu huo kwa kuwa Kifaransa hakikuihitaji, ikaja kuongezwa baadaye. Msomaji wa Kiswahili, ambaye huikuta karibu katika kila mstari, husoma kila siku alama isiyofuata kanuni ya jirani zake!

Mfumo ulikuwa tayari mwaka 1824, na mwaka 1829 ukachapishwa kitabuni. Humo Braille alikiri waziwazi deni lake kwa Barbier. Wabunifu wengi wangenyamaza.

Alipokuwa mwalimu katika taasisi ileile, mshahara wake ulikuwa mdogo. Hata hivyo, aliwanunulia wanafunzi maskini vibao na karatasi za kuandikia na kuwakopesha fedha. Alikuwa pia mpiga kinanda hodari katika makanisa ya Paris, na inasimuliwa kuwa aliwahi kuachia kazi hiyo kipofu mwingine aliyekuwa na dhiki kuliko yeye. Mwaka 1839 alichapisha mbinu nyingine, ya kuchora herufi za kawaida kwa nukta kumi, ili kipofu aweze kumwandikia barua mzazi asiyejua nukta nundu. Pierre Foucault, kipofu mwenzake, akaiundia mtambo.

Ukarimu huo ulileta faida ambayo Braille hakuikusudia. Mwaka 1840 taasisi ilipata mkurugenzi mpya, Dufau, aliyeamini kuwa hati ya pekee ingewatenga vipofu na jamii. Akaipiga marufuku. Kwa kawaida, amri kama hiyo ingetosha kuua ubunifu wa mwalimu mnyonge ambaye tayari alikuwa anaugua kifua kikuu. Lakini wanafunzi waliendelea kuandikiana kwa siri, mkubwa akimfundisha mdogo. Yamkini hati nzuri tu isingewafanya wajitie katika hatari ya adhabu. Waliipokea kutoka mikononi mwa mtu aliyewapa pia kibao cha kuiandikia. Guadet, msaidizi wa Dufau, alitambua hayo, akamshawishi mkubwa wake abadili nia. Jengo jipya la taasisi lilipozinduliwa mwezi Februari 1844, mfumo ulionyeshwa hadharani.

Braille alifariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Ufaransa iliukubali mfumo wake rasmi mwaka 1854, akiwa kaburini. Kwa hivyo, anayepima mafanikio ya kazi kwa cheo au mali hatayaona hapa. Aliacha kisanduku, akaagiza kichomwe bila kufunguliwa. Waliobaki walishindwa kujizuia, wakakifungua, wakakuta hati za madeni ya wanafunzi wake. Ndipo wakazichoma, kama alivyotaka.

Mwaka 1952, miaka mia moja baada ya kifo chake, mabaki yake yalihamishiwa Panthéon mjini Paris, wanakozikwa mashujaa wa taifa hilo. Wanakijiji wa Coupvray walikubali aondoke, ila mifupa ya mikono yake walibaki nayo.